Gavana Aliyevaa Kitenge Chetu

Sijawahi kukanyaga Marekani, lakini kuna gavana mmoja wa huko ninayemjua kuliko ninavyowajua majirani zangu wa Fairfield, hapa Sydney. Najua baba yake aliuza matrekta. Najua alibadilisha upande wa kuchania nywele alipoingia seneti ya jimbo. Najua anavyogusa kifungo cha koti kabla ya kusema uongo. Sikujifunza haya kwa mapenzi. Nilimsoma kama unavyomtafuta nyoka aliyeingia chini ya kitanda, ili ujue kichwa kiko wapi.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona. Ghala la Wetherill Park nilikokuwa nikipakia masanduku lilituambia vibarua tusije mpaka tuitwe, na hatukuitwa. Mimi ni mtu wa kuhama. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo nimechuma zabibu, nimeosha mabasi, nimelinda jengo lisilokuwa na kitu ndani yake, na hakuna kazi niliyokaa nayo hata mwaka mmoja. Kufungiwa katika nyumba ya vyumba viwili kuliniumiza kuliko hofu ya ugonjwa. Maktaba nayo ilifungwa. Nikabaki na simu, nikaisoma mpaka ikachemka mkononi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Kwetu Kongo mkubwa wako wa kuzaliwa unamwita Yaya, na mimi sijawahi kumwita jina jingine. Yeye alikuwa akiwaosha wazee katika nyumba ya kulelea, kwa hiyo kazi yake haikusimama. Alfajiri alitoka, jioni alirudi na alama ya barakoa usoni, akala, akauliza jambo moja tu: "Mdogo amepiga?"

Mdogo wetu, kitinda mimba, ndiye aliyekuwa Marekani. Kambini Tanzania faili lake lilitenganishwa na letu kwa sababu alikuwa ameolewa. Sisi tukaletwa Sydney, yeye akapelekwa jimbo la katikati ya Marekani, kwenye mji wenye kiwanda cha nguruwe na makanisa mengi. Mume akamwacha huko. Kiwanda hakikumwacha. Alisimama kwenye mstari, kisu mkononi, akikata mabega ya nguruwe yanayopita yakining'inia, bega kwa bega na wenzake kiasi kwamba, alivyosema mwenyewe, mwenzako akikohoa shingo yako inajua amekula nini. Na alikuwa na pumu. Ilimshika kambini kwa moshi wa kuni mbichi, haikumwachia tena.

Aprili watu wa mstari wake walianza kuanguka. Mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa akisimama kushoto kwake alipelekwa hospitali Alhamisi, Jumatatu akafa. Kiwanda kikafungwa. Mdogo akatupigia analia, lakini kilio cha mtu anayepumua. Yaya alipiga magoti sebuleni akashukuru.

Tulishukuru mapema. Siku chache baadaye gavana alisimama mbele ya bendera mbili akasema nchi haiwezi kukosa nyama, kiwanda kitafunguliwa Jumatatu ya wiki ya pili, na mfanyakazi atakayeitwa akakataa kurudi atahesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake. Hatapata posho ya wasio na kazi. Alisema hivyo kwa sauti laini, kama daktari anayekuandikia dawa. Kati ya mistari ya mabega wangetundika mapazia ya plastiki.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: je, Jumatatu hiyo mdogo wetu ataingia au hataingia? Tulikuwa na siku kumi.

Hapo ndipo Prezida alipoingia katika maisha yangu kwa nguvu. Prezida tulimwita mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Sydney, mzee aliyekuwa mwalimu mkuu huko nyumbani na sasa anaendesha foklifti. Kaka yake alikuwa mchungaji wa kanisa lile lile la mdogo wetu. Na miaka miwili nyuma, wakati wa kampeni, gavana huyu alikuja katika kanisa hilo. Kongo ya Marekani nzima iliiona ile video, na Kongo ya Australia pia. Walimvalisha shati la kitenge lenye tausi, lililoshonwa kwa kipimo cha mchungaji, likambana tumboni. Walimkalisha kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Akina mama walimchezea. Akasema "Jambo," kanisa likapiga kelele kama vile amefufua mtu.

Prezida aliandika kwenye kundi la jumuiya: "Tusiogope. Gavana ni mtoto wetu. Tutamwandikia barua."

Wote wakajibu amina. Nilikwenda kwake Villawood kwa miguu, kwa kuwa mazoezi yaliruhusiwa, na hasira nayo ni mazoezi. Nilimkuta akiosha gari. Nikabaki nje ya uzio, yeye ndani, bomba la maji katikati yetu.

"Mdogo wako ana bahati," alisema kabla sijasalimu. "Kati ya magavana wote wa Marekani amempata aliyekula kwetu."

"Hakula, Prezida."

"Video umeiona?"

"Nimeiona kuliko wewe. Uma ulipanda na majani ya sombe mpaka kidevuni, akamcheka mtu wa kushoto, uma ukashuka. Sahani iliondolewa imejaa."

"Wewe unahesabu matonge ya wageni?"

"Ya huyu, ndiyo."

Akafunga maji. "Na kitenge? Alivaa, hakuvaa?"

"Alivaa nusu saa."

"Nusu saa!" Akanielekezea sponji. "Gavana wa mkoa wetu kule nyumbani, amewahi kuvaa hata dakika moja nguo iliyoshonwa na mama yako? Mimi nilifundisha miaka ishirini na mbili. Gavana alipita mbele ya shule yangu vioo vimefungwa, vumbi lake likaingia darasani. Huyu Mzungu alishuka garini, akainama, akavaa. Usiniambie si kitu."

Hilo lilinikera zaidi. Nikatoa simu, nikamwonyesha kile nilichokuwa nimekikusanya kwa usiku na mchana wa kukosa kazi. Kiingereza changu ni cha ghalani, lakini picha hazihitaji kamusi.

Picha ya kwanza gavana ni kijana, mwendesha mashtaka wa wilaya, amevaa koti la askari magereza kwenye tafrija yao. Walimpenda. Alipokuwa seneta wa jimbo alipigia kura sheria iliyokabidhi magereza mawili kwa kampuni, na askari wengi wa yale makoti wakaambiwa waombe kazi upya kwa mshahara wa chini. Picha nyingine amevaa kofia ya chuma ya chama cha wafanyakazi wa maghala ya nafaka, mdomo wazi, anaimba nao. Mwaka uliofuata alisimama na waliotaka vyama hivyo vikatwe meno. Ipo moja ya wakati ni naibu gavana, wenyeji wa kale wa jimbo lile wamemfunika shuka lao la heshima mabegani, mzee wao anamshika mkono kwa mikono miwili. Habari ya yeye kulitetea bomba la mafuta lililopita kwenye ardhi yao niliisoma mara tatu nikidhani nimekosea majina.

Hakuchaguliwa hata kuwa gavana, mara ya kwanza. Mkubwa wake alipata cheo Washington, kiti kikabaki, yeye akakikalia kama mtu anayekalia kiti cha treni abiria mwingine anaposhuka. Ndipo alipohitaji kura za kweli, na katika miji ya viwanda vya nyama wakimbizi walikuwa wameanza kupata uraia. Ndipo akaja kuvalishwa tausi.

"Sitasema hakufanya jema lolote," nilimwambia Prezida. Nilikuwa nimetafuta jema kwa nia mbaya, nikitumaini kulikosa, nikalikuta: alijenga shule ya watoto viziwi, na kila mwaka huenda huko bila kamera. Mpaka leo shule hiyo inanisumbua. "Lakini kila anayemvisha nguo, mwaka mmoja baadaye anavuliwa yake."

Prezida alizitazama picha zote mpaka mwisho. Alikuwa mwalimu, hakuwa mpumbavu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa nionyeshe picha ya mlango mwingine wa kubisha hodi."

Nikaiweka simu mfukoni. Nikarudi Fairfield.

Barua iliandikwa kwa siku tatu, kwenye simu, na watu wa Sydney, wa Marekani na mzee mmoja wa Norway ambaye sijui aliingiaje. Siku ya kwanza yote ilikwenda katika kutafuta aitwe nani. Wengine walitaka "Mheshimiwa sana," wengine "Ekselensi," mzee wa Norway alitaka "Baba yetu." Kwetu mtu mkubwa humfikii kwa shida yako. Unaanza na afya yake, afya ya nyumba yake, unamkumbusha alivyo mwema, unamshukuru kwa yale ambayo bado hajafanya, halafu kule mwisho, ukiwa umeinamisha kichwa, shida unaiachia mlangoni kama kikapu. Mkubwa mwenye akili anakiona kikapu. Prezida alilijua hilo vizuri kuliko sote, ndiyo maana alikuwa Prezida.

Mimi nilipewa kupiga chapa. Mdogo alikuwa ameniambia anachotaka, nacho ni maneno machache: wenye pumu na magonjwa ya kifua wakae nyumbani bila kuhesabiwa wameacha kazi. Niliandika hivyo, wazi wazi, mstari wa kwanza. Prezida akanirudishia.

"Unamshika gavana shati? Ondoa."

Nikaushusha katikati. Akaurudisha. Nikauweka mwisho. Barua iliyotoka siku ya tatu ilikuwa na kurasa mbili na picha ya tausi, na mwisho wake ulisema: "Tunaendelea kukuombea hekima katika mambo yote, pia katika mambo ya kiwanda."

"Iko wapi pumu?" nilimpigia nikipiga kelele mpaka Yaya akafunga dirisha.

"Imo," Prezida alisema. "Mambo ya kiwanda. Akisoma ataelewa."

"Prezida, huyu si chifu wa kwenu. Huyu ni mwanasheria. Asichoandikiwa hakipo."

"Na wewe hukumaliza hata shule ya msingi, unanifundisha barua?"

Barua ikaenda.

Mdogo aliisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Hilo ndilo lililonitia chuki ya kweli, si kwa Prezida tena, bali kwa yule mtu mwenye bendera mbili. Katika siku zile alionekana kwenye runinga karibu kila mchana wao. Aliwaita wafanyakazi wa nyama mashujaa. Alisema anawajua, amekaa nao, amekula nao. Aligusa kifungo cha koti. Wanasheria wa vyama walimuuliza waziwazi juu ya wagonjwa wa mstarini, naye akajibu kuhusu nguruwe wanaongoja mashambani bila soko. Niliwahi kuwachukia watu, wengine walituchomea nyumba. Lakini wale walitujia na nyuso zao. Huyu alikuwa anatabasamu.

Nikamtumia mdogo picha zangu zote. Makoti, kofia, shuka. Nilidhani atanishukuru. Alipiga na sauti imekauka.

"Kaka, hizi za nini?"

"Umjue."

"Nimjue ili iweje? Ninyi wote mnamjua. Mchungaji anamjua, Prezida anamjua, wewe sasa umekuwa profesa wake. Mimi nataka kujua Jumatatu."

"Usiende."

"Nisipokwenda, nyumba hii ni ya kampuni. Dawa ya pumu ni bima ya kampuni. Nisipokwenda nakosa dawa, nikienda nakosa pumzi. Hiyo iko kwenye picha gani?"

Yaya akaninyang'anya simu. Alikwenda nayo chooni, akafunga mlango, nikasikia wakizungumza Kibembe cha mama yetu, taratibu, muda mrefu. Alipotoka alinirudishia simu bila kunitazama. "Wewe mwache," alisema. "Unapenda kujua vitu. Si vibaya. Lakini mwache."

Jibu la gavana lilikuja Jumamosi yao. Mchungaji alilipiga picha, Prezida akalisambaza na tarumbeta nyingi za furaha, zile za simu. Karatasi nzuri, muhuri wa jimbo, saini ya wino wa bluu. Kundi likafurika. "Mungu ni mwema." "Si tulisema?" Mtu akaandika kwamba mtoto wake atasoma barua hiyo shuleni. Prezida alinitumia mimi peke yangu, pembeni: "Umeona sasa? Mtu mkubwa amejibu."

Mdogo alipiga video kesho yake. Kwake ilikuwa Jumapili jioni, kwetu Jumatatu asubuhi. Yaya alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo tulikaa wote wawili mezani. Nilitegemea kumwona akilia au akishangilia. Alikuwa ametulia. Alikuwa ameichapisha barua, ameishika mbele ya kamera, na kidole kimesimama juu ya neno la kwanza.

"Soma," aliniambia.

"Asanteni," nikasoma kwa Kiswahili.

"Endelea."

"Asanteni kwa barua yenu, na kwa maombi yenu katika kipindi hiki kigumu."

"Basi. Inatosha." Akaikunja. "Yaya, unakumbuka kambini, ule ubao wa majibu ya maombi ya safari?"

Yaya akaanza kucheka kabla ya mdogo kumaliza. Kicheko cha tumboni, sikuwa nimekisikia tangu Machi.

"Mimi walinikataa mara mbili kabla ya kunikubali," mdogo alisema. "Barua za kukataliwa naweza kuziimba. Zote zinaanza na asante. Asante kwa ombi lako. Asante kwa uvumilivu wako. Ile ya kukubaliwa haikuwa na asante hata moja. Ilisema, fika ofisini Jumanne saa mbili, uje na vyeti. Mtu anayekupa kitu anakuambia siku na mahali."

"Lakini barua yetu haikuomba," nilisema. Nilitaka ajue, hata kama ni umbea. "Prezida aliondoa ombi. Gavana anaweza kusema hakuombwa."

"Najua. Mchungaji alinionyesha." Akainua mabega. "Kaka, gavana amehesabu wafu wa mji huu kwenye runinga siku kumi mfululizo. Ni mimi ndiye natakiwa nimwambie kwamba watu wanaugua?"

Nilisikia feni yake, na nyuma yake kifua chake, ule mluzi mdogo ninaoujua tangu kambini.

"Siendi," alisema.

"Na nyumba?" Yaya akauliza.

"Wakinitoa nitakwenda kwa yule Mama wa kwaya, ana chumba cha chini. Dawa ninayo ya wiki sita. Wiki sita ni nyingi. Kambini tulikuwa tukipanga maisha kwa wiki mbili, ya posho hadi posho."

Prezida alimpigia mwenyewe, baadaye, na sitasahau alichonieleza mdogo juu ya simu ile. Alimsihi asiaibishe barua. Gavana ametuheshimu, tukikataa sasa ataonaje? Mdogo akamjibu, "Papa, nikifa hataona pia," akamtakia usiku mwema kwa adabu zote, na tangu siku hiyo hawakuzungumza tena.

Jumatatu ya kwao kiwanda kilifunguliwa. Kwetu ilikuwa tayari Jumanne asubuhi gavana aliposimama kutoa taarifa yake. Mdogo alikuwa ameiweka simu juu ya friji, tukamwona nusu, mkono na sufuria, na runinga ikisema nyuma yake. Yaya alikuwa akipaka siagi mkate. Mimi nilikuwa natafuta kifungo.

Alikigusa. Alisema ni siku ya fahari kwa jimbo. Alisema ametembelea kiwanda asubuhi, amewaona mashujaa wake wamerudi, mistari imejaa, kila mtu yuko mahali pake.

Sikujua wakati huo kwamba angeshinda tena, na kwa kura nyingi za mji ule ule. Sikujua kwamba mdogo angeandikiwa ameacha kazi kwa hiari, kwamba angeishi chini ya nyumba ya watu mpaka majira ya baridi, wala kwamba aliyechukua nafasi yake mstarini angekuwa binti wa yule mama wa Kirundi. Hayo yalikuja, moja baada ya jingine, na gavana hakuulizwa hata moja. Asubuhi ile nilisikia tu vitunguu vikilia kwenye mafuta.

"Kila mtu yuko mahali pake," gavana alirudia.

"Mwongo," mdogo akasema, bila hasira, akageuza vitunguu.